Taulo la Bwana Pasi

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vipuri,
Jumapili mchana, mvua inanyesha.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umepungua kukusumbua. Shemeji hajambo? Mama je, bado anagombana na yule kuku anayetaga chini ya kitanda chake? Mwambie juzi nilimwota akinituma kuni, nikaamka nimechoka kana kwamba nimezibeba kweli. Mimi sijambo. Mikono imepasuka kwa sabuni na magoti yanalia nikipanda ngazi, lakini huo ndio uzima wa mtu wa kazi, siulalamikii.

Mwanao naye hajambo. Nimeliandika hilo mapema makusudi, ili usiruke mistari kumtafuta. Asubuhi amekula. Sasa hivi amekaa dirishani anatazama watu wanavyoikimbia mvua, na ametoka kusema kitu kuhusu mama mmoja aliyejifunika sufuria kichwani. Kasema mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Likumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Najua umepigiwa simu. Najua pia aliyepiga ni Bwana Pasi, maana alitamba hapa kazini kwamba amewaarifu nyumbani. Alikuambia mwanao amerukwa na akili, hasikii la mtu, njoo umchukue kabla hajachoma nyumba ya watu. Dada, katika simu ile yote kitu cha kweli kilikuwa jina lako tu. Mengine nakueleza mimi. Nitakwenda taratibu, kwa sababu nikiandika mambo haya haraka kalamu inatoboa karatasi.

Bwana Pasi ni yule yule mtoto wa jirani yako, wa nyumba yenye mlango wa buluu, aliyekuwa akiazima baiskeli ya shemeji na kuirudisha haina upepo. Huku ndiye msimamizi wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Na wala haipigi pasi yeye. Anapigiwa na wasichana wa zamu ya asubuhi, tena kabla hawajagusa kazi ya kampuni.

Kazi yetu unaijua kwa kuisikia tu, basi ngoja nikuchoree. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Yanaingia machafu kwa mlango huu, yanatoka meupe kwa mlango ule, na katikati ndipo tulipo sisi na mvuke. Huwezi kusikia mtu akiwa hatua mbili kutoka kwako. Ndiyo maana watu wengi humu hawana maneno mengi. Wakitoka nje wanaendelea kupiga kelele kama viziwi, au wananyamaza kabisa.

Mwanao alipoanza kazi, alilibadilisha jengo lile. Alichukua galoni tupu la dawa ya madoa, akalikata kitako, akawa anatangazia kazi yetu humo kama mechi. “Foronya anampita shuka, shuka anateleza, anakwenda chini, mwamuzi anasema endeleeni!” Watu wakamwita Redio. Hata fundi wa boila, mtu asiyecheka, alikuwa akitoka kwenye joto lake kuja kuuliza matokeo. Nilikuwa nikipita na toroli langu nikijisemea, huyu ni mtoto wa dada yangu, na nilikuwa najisikia mkubwa.

Halafu sauti ikaanza kupungua. Mwanzoni niliona ni uchovu. Baadaye nikadhani ni msichana. Alikuwa akirudi anajilaza na viatu. Chakula anakigeuza geuza kwenye sahani mpaka kinapoa, kisha ananisogezea mimi. Nguo zake, mtoto anayefua nguo za mji mzima, zikawa zinakaa bila kufuliwa. Nikimuuliza, jibu ni moja: “Niko sawa, mjomba.” Lile galoni likabaki juu ya kabati la sabuni, limejaa vumbi.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike.

Kuna lebo nyekundu tunazotumia. Shuka likifuliwa na kurudiwa na doa bado liko pale pale, unalibandika lebo nyekundu kwa pini na kulitupa kwenye pipa la pembeni. Hilo halifuliwi tena. Linachanwa matambara ya kufutia mashine. Lebo zenyewe zimepigwa mhuri wa neno moja: HALIFAI.

Siku moja mwanao alikaa juu ya toroli la mashuka machafu, akashindwa kuinuka. Hakukataa kazi, dada. Alishindwa. Nilikuwa upande wa pili wa mashine za kukaushia, nikamwona kwa mbali amelegea mikono mapajani. Bwana Pasi akaja. Akamzunguka mara mbili kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Akachukua lebo nyekundu, akambandika kifuani, kisha akawageukia watu na kusema kwa sauti ya kushinda mashine, “Huyu tumemfua, tumemrudia, doa halitoki. Mpelekeni kwenye pipa.”

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa woga, wengine walicheka kwa sababu wale wa mbele wamecheka. Nilipofika kule mwanao alikuwa ameshainuka, anatoka nje. Bwana Pasi akanitazama akasema, “Mjomba mtu, utani wa kazini huo, usikunje uso.”

Mwanao alipita mtaa mzima na ile lebo kifuani. Alipita mbele ya duka la vipuri, akapita kwenye foleni ya mkate, akapita kwa fundi viatu. Hakuna aliyemwambia toa. Nilimkuta kitandani ameelekea ukutani, lebo bado ipo. Nikainama niitoe pini. Akanishika mkono. Akasema, “Iache, mjomba. Ni ya kazi.”

Dada, nimebeba mizigo mizito tangu utoto wangu. Sijawahi kubeba kitu kizito kama sentensi ile.

Niliitoa alipolala, nikaitia mfukoni. Tangu siku ile nilitembea nayo. Nikiwa kazini naingiza mkono mfukoni naigusa, ile pini inanichoma kidole, nafurahi kwamba inanichoma. Sikujidanganya moyoni mwangu na sikufichi wewe. Nilitaka kumuumiza. Nilifikiria kummwagia dawa ya madoa kwenye suruali yake ile. Nilifikiria kumfungia ndani ya mashine ya kukaushia, angalau azunguke mzunguko mmoja. Usimsomee mama sehemu hii.

Kilichonizuia ni mambo mawili. La kwanza ni mwanao, nani angemwangalia mimi nikifukuzwa au nikifungwa. La pili ni semina.

Ile hospitali tunayoifulia mashuka ina watu wanaozunguka mitaani kuzungumza na vijana na wazazi wao juu ya afya ya akili. Wakaomba bwalo letu la chakula liwe mahali pa kukutania watu wa kiwandani na wa mtaani, Jumamosi mchana. Meneja akakubali, si kwa wema sana, ila alisikia kutakuwa na mpiga picha.

Anayeongoza ni binti mmoja mfupi, wa umri wa kuweza kuwa mdogo wetu wa mwisho. Tunamwita Mwezeshaji, kwa sababu hivyo ndivyo alivyojitambulisha, na jina likampenda. Jumamosi ya kwanza alitupanga viti kwa duara, akatoa taulo jeupe, akaeleza utaratibu. Mwenye taulo ndiye mwenye kusema. Anaweza kusema lolote linalomsumbua, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kufungua mdomo mpaka yeye mwenyewe atakapolikabidhi kwa mwingine. Hata kama ni bosi. Hata kama unatukanwa.

Basi akampa taulo mzee wa mashine ya kwanza. Mzee akalipokea, akaliweka sawa ncha kwa ncha, akalikunja mara mbili, akalipiga kofi, akampa jirani yake. Jirani akalikunjua, akalitazama kama lina doa, akalikunja upya, akapitisha. Hivyo hivyo duara zima, dada! Hakuna aliyesema neno. Hakuna hata aliyeona ajabu. Mtu wa kazi yetu ukimpa taulo, mikono yake haimuulizi. Taulo likarudi kwa Mwezeshaji limekunjika vizuri kama la kupelekwa hotelini.

Akalitazama. Akatutazama. Kisha akacheka mpaka akashika meza. “Jamani, nilikuwa nataka mfungue, nyinyi mmefunga!” Na sisi tukacheka, na ndipo yule mzee akaliomba tena. Akalishika hivi hivi, limekunjuka, akatuambia kwamba tangu mkewe afariki anaacha redio inazungumza nyumba nzima ili asisikie kimya. Tumefanya naye kazi miaka na miaka. Hatukujua.

Baada ya kikao nilimvuta Mwezeshaji pembeni nikamweleza habari za mwanao. Akaja hapa chumbani jioni ile ile na muuguzi mwenzake. Akakaa juu ya ndoo, maana kiti tunacho kimoja, akazungumza na mwanao ukuta kwa ukuta, yaani mwanao kaelekea ukutani na yeye anazungumza na mgongo. Hakumsukuma. Alipoondoka aliniambia ugonjwa una jina, unaitwa sonona, na kwamba si uvivu, si laana, na wala si kichaa wanachokitangaza watu. Unatibika. Nilimuuliza kosa ni la nani. Akasema mara nyingine hakuna wa kulaumiwa kwa kuanza kwake, lakini wapo wanaoweza kuuzidisha. Nikaingiza mkono mfukoni nikaigusa lebo yangu.

Mwanao ameonwa na daktari. Anakunywa dawa, na anakwenda kuzungumza na mtu kila wiki. Mimi namsindikiza, nangoja nje kwenye benchi.

Sasa sikiliza habari ya Jumamosi ya wiki iliyopita, si hii ya jana. Kikao kilikuwa kikubwa. Mwenye duka la vipuri alikuja, fundi viatu alikuja na vijana wake, mama mwenye nyumba alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu haamini viti vya watu. Meneja alikaa mbele. Na nani akaitwa kufungua kikao, awe mfano wa kiongozi anayejali vijana? Bwana Pasi. Alivaa koti.

Akapewa taulo, akalishika kama kipaza sauti. Akasema vijana wa kiwandani ni kama watoto wake wa kuzaa. Akasema mlango wake uko wazi wakati wote. Hana mlango, dada, anakaa kwenye kibanda cha vioo. Kisha akasema, kwa huzuni ya kuazima, kwamba kijana mmoja alitokewa na tatizo, lakini yeye anaifahamu familia ile tangu zamani na anajua jambo lile ni la ukoo, liko kwa mama yake.

Kwa mama yake! Wewe! Wewe uliyemvumilia na baiskeli.

Taulo likaanza kuzunguka. Mama mwenye nyumba alisema ya kwake, fundi viatu akasema ya kwake, siyakumbuki, masikio yangu yalikuwa yamejaa damu. Likafika kwangu. Unajua mimi shule niliiacha njiani na kusema mbele za watu siwezi. Lakini nilisimama, taulo mkono wa kushoto, na nikasema yote. Toroli, lebo, pipa, kicheko, mtaa mzima. Nilitaja nani alisema nini. Bwana Pasi akainuka nusu, akaanza, “Lakini huu ulikuwa utani tu wa…” Na mama mwenye nyumba akamkata: “Wewe, huna taulo! Kaa!”

Akakaa. Dada, laiti ungekiona kimya kile. Mtu aliyezoea kushinda mashine kwa sauti, amebanwa na kipande cha kitambaa. Anafungua mdomo, anafunga. Nilisema polepole zaidi ya nilivyohitaji. Nilirudia sehemu nyingine. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipomaliza nikatoa lebo mfukoni, nikatembea mpaka kwake, nikambandika kwenye koti. Pini ikaingia vizuri.

Hapo ndipo mlangoni ikasikika sauti, imekauka kama ya mtu aliyetoka safari. “Naaam, na mpira umeingia wavuni!”

Mwanao. Alikuwa amenifuata nyuma nyuma, mimi sikujua. Amesimama mlangoni na kandambili, shati amelivaa ndani nje, macho mekundu. Bwalo zima lililipuka. Fundi wa boila alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mimi nililia mbele za watu na sina haya.

Mwezeshaji akaja akaitoa ile lebo kwenye koti. Akasema pale hakuna anayebandikwa kitu, hata Bwana Pasi. Nilimkasirikia binti yule na mpaka leo nimemkasirikia kidogo. Ningependa Bwana Pasi atembee nayo mtaani, apite kwenye foleni ya mkate. Lakini Mwezeshaji ni mtoto mwema, nitamsamehe. Yule mwingine, sijui.

Meneja ametamka kwamba nafasi ya mwanao ipo mpaka daktari aseme yuko tayari. Alitamka akiwa ameshika taulo, watu wote wanasikia, hawezi kulirudisha neno lake. Bwana Pasi bado ni msimamizi. Ila tangu Jumatatu wasichana wa asubuhi hawampigii pasi. Hakuna aliyewaambia. Anakuja na suruali yenye makunyanzi kama karatasi iliyofungiwa karanga, na kila akipita mtu anauliza kwa upole, “Bosi, leo umelala nayo?” Tunamtafutia jina jipya.

Kwa hiyo ameomba likizo, na anakuja huko nyumbani. Anakuja kuwahi, aeneze maneno yake kabla ya yangu kufika. Atakaa barazani kwa mama yake, atakusanya watu, atawaambia mtoto wa fulani kawa kichaa, na yeye alijaribu kumsaidia. Na wapo watakaomwamini, kwa sababu ya koti.

Ndiyo maana nakuomba mambo haya, dada.

La kwanza, usije kumchukua mwanao. Najua moyo wako unavyokuvuta. Lakini hapa ana daktari, ana mtu wa kuzungumza naye, na ana mimi. Mpigie simu, usimuulize amepona. Msimulie kuku wa mama.

La pili, nimezungumza na Mwezeshaji. Wana wenzao wanaofanya mikutano hii mpaka upande wenu, wanachotafuta ni uwanja na watu. Nikawaambia dada yangu ana uwanja mpana na mdomo wa kuita watu. Watakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Nimeichagua Jumamosi hiyo mwenyewe. Bwana Pasi atakuwepo.

Waite vijana wote. Mwite na yule binti wa seremala ambaye mliniambia hatoki ndani siku hizi na baba yake anasema ana kiburi. Mwite seremala mwenyewe. Wao waanze, wapewe nafasi yao yote, maana siku hiyo ni yao. Sikudanganyi lakini kwamba nimeyapanga haya kwa ajili ya jamii tu. Mpelekee mwaliko Bwana Pasi kwa heshima, na mama yake pia. Mpangie kiti kizuri, si cha pembeni. Mpe kitu cha kunywa. Mwanao kaniambia, “Mjomba, achana naye, mimi nimeshamsahau.” Nimemjibu sawa. Nimemdanganya.

Nisalimie shemeji, mwambie baiskeli asimwazime mtu. Nisalimie mama, na wadogo zake Redio wote, na shangazi wa ng'ambo ya barabara, na huyo seremala ukimkuta amepoa hasira. Mungu akulinde mgongo, akupe usingizi, na awape vijana wetu wote mtu wa kukaa juu ya ndoo na kungoja.

Barua hii ataileta dereva wa lori la mashuka, pamoja na kifurushi. Ndani ni lile taulo lenyewe, nimeliomba kwa Mwezeshaji, naye amechukua jingine. Usilifue. Likimfikia Bwana Pasi, usiseme neno, wala mtu yeyote asimsaidie. Atalikunja badala ya kusema alichomfanyia mwanao, namjua. Akilikunja, likunjue, mpe tena.

Mimi ni mdogo wako, akupendaye na asiyesahau,

Mjomba wa Redio